Sauti ya Bi Chapa

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye orodha ya mishahara, basi. Kwingine kote, kuanzia getini ofisini hadi kwa muuza mboga wa kona, alikuwa Bi Chapa, na jina hilo lilimkaa kuliko gauni la kupimwa. Alikuwa mpiga chapa. Kazi hiyo alijifunza akiwa na miaka kumi na tisa, katika chuo ambacho mwalimu wake aliwafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa cheusi ili wasichungulie vitufe. "Macho ni ya karatasi," mama yule aliwaambia kila siku, "vidole ndivyo vya mashine." Aliyechungulia alionja rula. Bi Chapa aliionja mara mbili tu: siku ya kwanza asubuhi, na siku ya kwanza mchana.

Akaajiriwa ofisi ya maji. Humo alizaa, humo alifiwa na mume, humo alipata mvi zake za kwanza, na muda wote huo barua za ofisi zilipita kwenye vidole vyake. Wakurugenzi walikuja wakaondoka, yeye yupo. Taipureta zilipopelekwa stoo na kompyuta zikaletwa, makarani wenzake walizivika vitambaa vya kufuma kama redio za sebuleni na kuziogopa vilevile. Bi Chapa aliiwasha yake akabonyeza kila kilichobonyezeka. Siku ya tatu akawa amepoteza menyu zote, skrini imebaki nyeupe pe, na ikabidi aitwe fundi.

Fundi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye bisibisi tatu mfuko wa shati kama kalamu. Alipotaka kukaa kitini, Bi Chapa hakuinuka.

"Wewe niambie nifanye nini," alisema. "Nikifanya mwenyewe nitakumbuka. Ukifanya wewe, kesho nakuita tena."

Fundi alicheka hadi bisibisi zikagongana. Kwa miaka yote ya kazi yake, alisema, wateja walikuwa wakimwachia mashine na kwenda kunywa chai. Akamwelekeza, naye akabonyeza, menyu zikarudi. Akiwa mlangoni, Fundi aligeuka. "Dada, Jumamosi asubuhi una kazi?"

Ndivyo alivyoingia kwenye kundi.

Kundi lenyewe lilikuwa watu watatu, naye akawa wa nne. Walikutana chumba cha nyuma cha duka la Fundi, kati ya rafu za kompyuta zilizokufa na makreti ya soda yaliyojaa nyaya, harufu ya risasi ya kulehemu ikiwa haiishi hewani. Sharti lao lilikuwa moja: kila mtu aje na habari moja na zana moja. Habari ni habari yoyote ya ulimwengu wa kompyuta, na zana ni programu, njia ya mkato, au hata waya, ilimradi iwafae wenzake. Asiye na kitu alichemsha chai.

Mmoja wao alikuwa Mwalimu, wa hesabu, mjane aliyevaa miwani yenye kamba na kuongea taratibu kama anayesomea darasa imla. Huyu alisoma maelekezo ya kila programu hadi mstari wa mwisho, pamoja na pale wanapowashukuru wapishi. Mwingine alikuwa muuza dawa, kijana wa miaka thelathini na kitu, ambaye hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Redio. Habari ikitoka leo upande wa pili wa dunia, Redio alikuwa nayo kabla hujapiga mswaki, na akishaipata haikai kifuani. Siri ukimpa Redio ni sawa na kuibandika ukutani. Hivyo ndivyo walivyoamini wote, naye mwenyewe hakubisha.

Bi Chapa alileta njia za mkato. Alikuwa na chuki na kipanya. "Kila ukikishika hicho," aliwaambia, "mkono umetoka kazini, umekwenda matembezi." Akawafundisha kufungua, kufunga, kutafuta na kuhama kwa vidole peke yake, hata Redio akakiri kwamba kipanya chake siku hizi kinashika vumbi. Kwa miaka sita Bi Chapa alichemsha chai mara moja tu, tena kwa kuwa alikuwa na mafua.

Halafu macho yakaanza.

Yalianza kwa mchezo. Vikombe vilikuwa vikimgonga mkono upande wa kulia, akalaumu vikombe. Alikosa kidato cha mwisho cha ngazi ya ofisi, akalaumu taa. Maandishi ya skrini aliyakuza kidogo, akayakuza tena, hadi neno moja likawa linajaza nusu ya mstari. Siku alipopita pembeni ya binti yake sokoni bila kumsalimia, na binti akadhani amemkosea mama, Bi Chapa alikwenda hospitali peke yake.

Daktari alimpima, akampima tena, akavuta kiti karibu. Ni presha ya macho, alisema, na imekaa siku nyingi bila kubisha hodi. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa likiona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, tena bomba lenye ukungu.

"Dawa ya matone italinda kilichobaki," daktari alisema. "Kilichokwenda hakirudi, mama. Nakwambia ukweli ili usije ukapoteza muda kwa watu wa kukudanganya."

Alimshukuru, akachukua karatasi yake, akatoka. Hakumwambia mtu. Kwa binti yake, mshonaji aliyekuwa akiishi naye na kuweka cherehani yake sebuleni, alisema ni miwani tu. Ofisini hakusema hata hilo. Matone alikwenda kuyanunua duka la dawa la mtaa wa tatu, mbali na lile la Redio. Lakini mwezi wa pili dawa ilikwisha huko, na ikambidi aende kwa Redio. Alimkabidhi karatasi akijidai ni ya jirani. Redio aliisoma, akafungasha kichupa, akamwambia amwambie jirani asikose hata siku moja, kisha akaanza kuhadithia habari za simu mpya ya kukunjika. Bi Chapa akashusha pumzi. Akaona ameponea chupuchupu, na toka mwezi huo akawa anayanunua hapohapo.

Vidole vilimbeba. Havikuwa na haja ya macho. Mwalimu wa kitambaa cheusi alikuwa ameviandaa kwa siku hiyo bila kujua. Alimwomba karani mwenzake amsomee rasimu kwa kisingizio kwamba mwandiko wa wakubwa ni mbaya, naye akachapa akisikiliza. Tatizo lilikuwa kuhakiki. Alichochapa hakuweza tena kukisoma. Akawa anaamini vidole vyake kama mtu anavyoamini ngazi ya nyumbani kwake gizani, na vidole, siku hadi siku, havikumwangusha.

Hadi juma lile la mabomba. Ofisi ilikuwa inabadilisha bomba kubwa, na tangazo likatakiwa haraka. Bi Chapa alichapa, likapigwa nakala mia mbili, likabandikwa kwenye milango ya maduka na kuta za shule. Alitaka kuandika kwamba wateja wote wanaombwa kufua kabla ya Alhamisi, kwa kuwa maji yatakatika siku mbili. Kidole cha shahada kiligusa herufi moja kwa ulegevu. Tangazo likatoka: "Wateja wote wanaombwa kufa kabla ya Alhamisi."

Simu hazikupumua. Mzee mmoja aliuliza kama zoezi linaanza na wenye madeni au kwa kufuata alfabeti. Mama mwingine alisema ana harusi ya mwanawe Ijumaa, anaomba aongezewe siku mbili tatu. Ofisi nzima ilicheka, na Bi Chapa alicheka pamoja nao.

Meneja alimwita. Alikuwa mwanamke mdogo kwa Bi Chapa kwa miaka kumi na tano, mkavu wa maneno, lakini si mbaya. Alimpa karatasi.

"Mama, hebu nisomee hapo juu."

Bi Chapa aliishika karatasi kwa umbali aliokuwa akizishika karatasi siku zote. Akasafisha koo. "Wateja wote wanaombwa kufua kabla ya Alhamisi, kwa kuwa..."

Akasikia kimya cha Meneja, akanyamaza.

"Hiyo ni ratiba ya likizo, mama," Meneja alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tangazo ninalo mimi hapa."

Hakufokewa. Labda angefokewa angeona nafuu. Wiki iliyofuata alihamishiwa dirisha la maulizo, kukaa kwenye kiti kirefu na kuwaambia watu chumba namba ngapi. Kompyuta yake alipewa karani mwingine, anayechapa kwa vidole viwili. Kutoka dirishani alikuwa akimsikia, tak, kimya, tak, kimya, na kila tak ilimchoma.

Jumamosi hakwenda kundini. Wala iliyofuata, wala ya tatu. Kwenye kundi la simu walimtumia salamu. Kwa kuwa hakuweza kuzisoma bila kumwomba mtu, aliziacha. Binti yake sasa alikuwa anajua, na walikuwa wameshalia pamoja na kumaliza. "Waambie, Mama," binti alisema. "Ni rafiki zako."

"Nitawaambia nini? Kundi la kompyuta, mimi skrini siioni. Nitakuwa nachemsha chai kila wiki mpaka nife."

Jumapili mchana, cherehani ikiwa inanguruma, hodi ikapigwa. Aliijua hatua ya Fundi kabla hajasema neno, kwa mlio wa bisibisi. Nyuma yake Mwalimu, na nyuma ya Mwalimu, Redio, ambaye kwa mara ya kwanza tangu wajuane aliingia nyumba ya mtu bila habari.

Walikaa. Binti akaleta maji ya kunywa, akarudi kwenye cherehani yake bila kushona. Fundi alikuwa akitafuta pa kuanzia, akizungusha glasi, na Bi Chapa akaona bora amalize mwenyewe.

"Macho yangu yamekwisha," alisema. "Moja limekufa, moja linakwenda. Ndiyo maana siji."

"Tunajua, dada," alisema Mwalimu.

"Mnajua toka lini?"

"Sisi, toka juzi. Tulienda ofisini kwako kukuulizia, tukaambiwa habari ya tangazo. Redio ndiye..." Akasita.

Bi Chapa akageuza uso upande ambao Redio alikuwa akipumulia. "Redio, wewe ulijua?"

"Ile dawa haitumiki kwa ugonjwa mwingine, dada yangu," Redio alisema polepole. "Na jirani gani huyo, kila mwezi anatuma mtu yuleyule? Nimejua miezi minane."

"Miezi minane! Wewe? Na hukusema kwa mtu?"

"Habari za kompyuta ni za watu wote. Za kaunta ni za mgonjwa." Alikohoa. "Lakini imeniuma. Nilikuwa nasubiri useme, kila Jumamosi nasubiri. Hata hawa sikuwaambia mpaka walipoambiwa na wengine."

 Fundi baadaye alisema kwamba angeambiwa Redio ameruka angani asingeshangaa zaidi. Bi Chapa alinyoosha mkono, akaukosa wa Redio mara ya kwanza, akaupata mara ya pili, akaushika.

"Haya," alisema, akijifuta macho na ncha ya kanga. "Nani kaja na zana?"

Zana alikuwa nayo Mwalimu. Alifungua laptopu juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaeleza kama darasani: kuna programu, ya bure, inayowasomea watu wasioona kila kilichopo kwenye skrini. Ukichapa inasoma, ukihama inasema uko wapi, na kipanya haikihitaji hata kidogo, kila kitu ni vitufe. Aliposikia la kipanya, Bi Chapa alikaa vizuri. Mwalimu akamwekea vidole kwenye kibodi. Bi Chapa akachapa sentensi moja, akabonyeza alipoambiwa.

Kompyuta ikasema kitu. Sauti ilikuwa ya kiume, nyembamba, imebanwa pua, na maneno yalikuwa ya Kiswahili kama vile bati lilivyo nguo.

"Amesema nini huyo?" binti aliuliza.

"Amesoma, 'Ng'ombe wameingia shambani,'" Mwalimu alisema kwa aibu.

"Huyo si ng'ombe. Huyo ni nyuki kaingia kwenye chupa," alisema Bi Chapa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akacheka hadi akashika mbavu. "Nani kambana pua mwanaume wa watu?"

Walijaribu maneno mengine. "Ghala" lilitoka kama mtu anayetema. "Thamani" lilikatika katikati. Kila neno mkazo ulikaa pasipo pake, kama kofia iliyovaliwa na mguu. Bi Chapa aliacha kucheka. Akamsikiliza yule mtu wa pua kwa muda mrefu, sentensi baada ya sentensi, akasema, "Ndiye huyu nitaishi naye?"

"Si lazima," alisema Mwalimu, akavuta kamba ya miwani. "Nimesoma maelekezo yote. Programu inakubali sauti mpya. Inatakiwa mtu mmoja asome sentensi elfu mbili na mia tano, wazi, bila haraka. Kisha kompyuta kubwa inajifunza kutokana na zile."

Redio alikuwa ameshasimama. "Nasoma mimi!"

Wakamjaribu palepale kwa sentensi tano. Alizimaliza kabla Fundi hajabonyeza kitufe cha kurekodi. Mwalimu alikuwa taratibu mno. Kwa sauti yake, alisema binti, mtu angelala kabla barua haijafika kwenye salamu. Fundi alikuwa na kikohozi cha moshi wa kulehemu. Ndipo binti akasema jambo ambalo wengine walikuwa wakilizungukia. "Mama ndiye aliyesomea wakurugenzi nakala za barua miaka thelathini. Mama hamezi herufi."

"Mwanangu, nitasomaje nami sioni?"

Jibu lilitoka kwa Fundi, mtu wa maneno machache. "Huyu wa pua atakunong'oneza sikioni. Wewe utasema inavyopaswa kusemwa."

Ikawa hivyo. Mwalimu alitunga sentensi wiki tatu, akihakikisha hakuna sauti ya lugha iliyoachwa nje, naye akazipata za ajabu ajabu: "Mjomba aling'ang'ania ghorofa yenye dhahabu", "Shangazi, fedha za thawabu ziko ng'ambo." Fundi aliziba kuta za chumba cha nyuma kwa magodoro. Kila jioni baada ya kazi, saa kumi na moja hadi giza linapoanza kuingia, Bi Chapa alikaa kwenye kigoda, hedifoni masikioni, kipaza sauti mbele. Yule wa pua alimnong'oneza sentensi, naye akaisema kwa ulimwengu ikiwa safi, kila herufi imekaa kitako. Alianza kumwonea huruma. "Anajitahidi masikini," aliwaambia. "Hakuwa na mwalimu."

Walipofika sentensi ya elfu moja, walizituma kwa binti wa chuo kikuu aliyekuwa mbali, ambaye Redio alimpata kwenye jukwaa la mtandaoni na hawajamwona hadi leo. Yeye ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kutumia kompyuta kubwa za kujifunza. Baada ya siku nne akawarudishia jaribio la kwanza. Wote wanne waliinamia spika.

Sauti ilitoka kama ya mtu anayezungumza ndani ya pipa la maji. Miisho ya maneno ilikuwa imezama. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo, mdogo, usiokatika.

"Friji ya duka la soda," Fundi alisema, akapiga ukuta kwa kiganja. "Iko nyuma ya ukuta huu. Sisi tumeizoea, hatuisikii. Kompyuta imeisikia."

"Zote elfu?" Bi Chapa aliuliza.

"Zote."

Alivua hedifoni, akaziweka mezani, akatafuta mlango kwa mkono. "Mimi si mtoto wa kuchezewa," alisema. "Koo limekauka mwezi mzima kwa ajili ya friji. Tafuteni mwingine."

Siku mbili hakuonekana. Siku ya tatu alikuwa kwenye dirisha la maulizo, akisikia tak, kimya, tak, kimya ya yule karani wa vidole viwili. Akasikia karani akifuta mstari mzima, akianza upya, akikosea palepale, akifuta tena. Bi Chapa alijikuta anahesabu: mara nne. Mara ya tano mstari ukapita. Jioni ile alishika njia ya duka la Fundi, fimbo yake mpya mkononi, akakuta magodoro yameshahamishwa yote kwenye chumba cha mbele, na Redio yuko kwa mwenye duka la soda anambembeleza azime friji saa mbili kwa siku, kwa ahadi kwamba simu yake haitakosa fundi maisha.

"Sentensi ya kwanza," alisema Bi Chapa, akikaa.

Zilichukua wiki tisa. Sauti iliporudi mara ya pili, Fundi hakuwaita wengine kwanza. Alimkalisha Bi Chapa peke yake, akamwambia achape chochote. Alichapa jina lake halisi, lile la kwenye kitambulisho, kwa kuwa ndilo lililomjia. Kompyuta ikalisema.

Hakuitambua kama sauti yake. Nani huijua yake? Aliitambua kama ya mama yake mzazi, alivyokuwa akimwita kutoka uani, akiuma mwanzo wa jina na kuuachia mwisho. Alikaa mikono mapajani. Fundi alijifanya ana waya wa kutafuta kwenye kreti.

Meneja alipoombwa nafasi, alitoa dakika kumi. Bi Chapa alikuja na laptopu ya kundi, akachomeka hedifoni, akaomba asomewe barua yoyote. Meneja akamsomea ndefu kuliko zote alizokuwa nazo, yenye tarakimu na majina ya mitaa. Bi Chapa alichapa, akarudi mwanzo, akasikiliza kwa kasi ambayo mtu mwingine angesikia mvua tu, akasimama mara mbili, akasahihisha. Printa ikatoa. Meneja alisoma mara ya kwanza akisimama, mara ya pili akiwa ameketi.

"Hapa nilikusomea tarehe isiyokuwepo," Meneja alisema. "Umeacha nafasi."

"Mwezi ule una siku thelathini, Meneja. Nikaona niulize kabla sijawaahidi watu maji ya siku ya thelathini na moja."

Alirudishiwa meza yake, na sharti moja: matangazo ya umma yapitiwe na mtu wa pili kabla ya nakala. Bi Chapa alilikubali bila kinyongo. Alisema lilipaswa kuwepo tangu mwanzo, kwa wenye macho pia.

Sauti waliiweka mtandaoni ichukuliwe bure. Hawakutegemea makubwa. Lakini mmoja akamwambia mwenzake, na ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu ya kundi: mwanafunzi wa sheria, fundi wa viti vya ukindu, mzee aliyetaka kusomewa magazeti. Redio aliwasomea Jumamosi kama taarifa ya habari. Mmoja ulitoka kwa mpiga gitaa wa kike, asiyeona tangu kuzaliwa. Aliwashukuru sana. Kisha akaongeza kwamba ana ombi moja, wasichukie. Sauti ni nzuri na maneno yako wazi, ila ni kali. "Mchumba wangu ananiandikia maneno matamu," aliandika, "na inanisomea kama barua ya kukatiwa maji."

Fundi alicheka hadi akatoka nje. Mwalimu alivua miwani. "Ana haki," alisema. "Sentensi zangu zote zilikuwa za mjomba na ghala. Hakuna hata moja ya mapenzi." Akakaa akatunga mia mbili, na kila alipomaliza moja aliikunja karatasi haraka, masikio yamemwiva.

Bi Chapa alirudi kwenye kigoda. "Nimekukumbuka," alisema kwenye kipaza sauti. Ilitoka kama taarifa kwa wateja. "Nimekukumbuka sana." Ikatoka kama taarifa ya pili, ya kukumbushia. Redio alifukuzwa chumbani kwa kujiziba mdomo. Mwalimu alisema labda dada amfikirie mtu fulani, kisha akajutia na kwenda kuangalia dirisha. Walijaribu nusu saa nzima bila mafanikio.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa binti, amelowa mvua begani, na fungu la nguo za wateja kifuani, amekuja kumchukua mama kama kila siku, amechelewa. Bi Chapa aligeuka kuelekea mlio wa viatu vyake.

"Umekuja," alisema. "Nilishaanza kuwaza. Njoo ukae, umelowa, mama. Njoo hapa."

"Njia imefungwa kule chini, nikazunguka," binti alisema. "Bado mnarekodi?"

 Fundi alikuwa ameinua mkono mmoja, akitazama mstari mwekundu unaopanda na kushuka kwenye skrini yake. Mwalimu alisogea taratibu nyuma yake. Walisikiliza tena yale maneno, mara moja, mara mbili, wakigawana hedifoni, upande mmoja sikio la huyu na mwingine sikio la yule.

"Dada," alisema Mwalimu, "hiyo ndiyo yenyewe. Sasa zile mia mbili zangu, zote mwambie huyu."

Binti akavuta kreti, akaligeuza, akakaa mbele ya mama yake, magoti yakigusana. Redio akaruhusiwa kurudi kwa sharti la kukaa kimya, na akalitimiza. Bi Chapa akavaa hedifoni zake, akamsubiri yule wa pua amnong'oneze sentensi ya kwanza, na alipoisikia, akamwambia mwanawe.